Tela la mbuzi na mtamba kwa Hilux: nichukue la fundi au lililotoka Uingereza?

Msomaji wa Mlandizi, mkoani Pwani, anauliza: "Nafuga mbuzi na ng'ombe wachache wa maziwa. Nina Hilux singo kebini ya dizeli, ya zamani lakini nzima. Kila mwezi napanda Kibaigwa na Kongwa kununua mbuzi, kati ya 15 na 20, na mara mojamoja mtamba. Nimechoka kukodi Kanta. Nimeonyeshwa matela mawili. Moja fundi wa hapa jirani atalitengeneza, futi 8 kwa 4, ekseli moja, halina breki. La pili limetoka Uingereza, limeshatumika, futi 8 kwa 5, ekseli mbili, lina paa na kuta za alumini. Bei yake inakaribia mara mbili ya lile la fundi. Lipi ninunue, na niangalie nini?"

Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kutaja vipimo. Wengi huniandikia "nataka tela zuri la mifugo" kisha basi. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Tela la fundi, kwa namna alivyokuelezea, usilichukue. La Uingereza lichukue likivuka ukaguzi nitakaokueleza hapa chini. Likikwama kwenye vyuma vinavyoshika sakafu au kwenye ekseli, mwachie mwenyewe hata akikupunguzia nusu ya bei. Ila ipo njia ya tatu ambayo hukuiuliza, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa fedha.

Umepima bodi ya Hilux yako? Singo kebini nyingi zina bodi ya karibu mita 2.2 kwa 1.5, yaani zaidi kidogo ya mita 3 za mraba. Mbuzi 11 wa kienyeji wanakaa humo bila kulaliana, na uzito wao haufiki hata nusu ya mzigo ambao pikapu ile hubeba ikiwa imejaa saruji. Fundi wako akikuchomelea kizimba cha bomba cha kufunga kwa nati, chenye kimo cha kifua chako, wavu juu na lango nyuma, safari za mbuzi kumi utazimaliza bila tela kabisa. Hakuna usajili wa pili, hakuna tairi za ziada, na kurudi kinyumenyume mnadani hakutakutoa jasho. Tela linaanza kuwa na maana pale unapotaka mbuzi 20 kwa mkupuo, au mtamba, ambaye kumpandisha kwenye bodi iliyo juu vile ni kumtesa yeye na kuwatesa wanaomsukuma. Kama mtamba kwako ni mara mbili kwa mwaka, chukua kizimba, na hizo mara mbili kodi Kanta. Kama ni kila baada ya mwezi mmoja au miwili, endelea kusoma.

Jambo la kulishika ni kwamba mzigo wa tela hili unatembea. Saruji ukiipanga Kibaigwa utaikuta Mlandizi ilivyo. Mbuzi hawako hivyo. Ukikanyaga breki wote wanakimbilia mbele, ukipanda mwinuko wa Gairo wanateleza nyuma, kwenye kona wanaegemea upande mmoja, na akianguka mmoja wenzake wanasimama juu yake. Fundi aliyezoea matela ya matofali atakutengenezea tela la matofali, alipake rangi nzuri, na kosa utaliona ukiwa barabarani.

Tuanze na nafasi, maana ndipo watu wanapojidanganya. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1 ya mwaka 2005 kuhusu usafirishaji wa wanyama inampa mbuzi wa chini ya kilo 35 kati ya mita za mraba 0.20 na 0.30, mbuzi wa kilo 35 hadi 55 kati ya 0.30 na 0.40, na ng'ombe wa kilo 325 kati ya 0.95 na 1.30. Haitubani sisi, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa joto letu na safari yako ya karibu kilomita 300, mimi hukaa upande wa juu. Tela la futi 8 kwa 4 lina mita za mraba karibu 3, sawa na mbuzi 10. La futi 8 kwa 5 lina 3.7, sawa na mbuzi 12. Kwa hiyo hakuna hata moja litakalobeba mbuzi wako 20 peke yake. Mbuzi 12 kwenye tela na 8 kwenye kizimba cha bodi, hapo hesabu inatimia. Ndiyo maana nasema kizimba kitengenezwe kwa vyovyote vile.

Sasa uzito. Tela la chuma la fundi la ukubwa ule, kwa mkono mzito wa mafundi wetu, tupu linaweza kufika kilo 400. Weka mbuzi 10 wa kilo 30, unafika 700. Weka mtamba chotara wa kilo 350, unafika 750. Vitabu vya pikapu nyingi vinaweka ukomo wa kilo 750 kwa tela lisilo na breki, mzigo ukiwa ndani yake. Maana yake upo ukingoni kabisa siku ya kwanza, kabla mtamba hajanenepa na kabla hujaweka gunia la pumba "kwa sababu nafasi ipo". Fungua kitabu cha gari lako usome mistari miwili: uzito wa tela lenye breki, na uzito wa tela lisilo na breki. Kama kitabu kilipotea, tafuta kwa namba ya injini na mwaka wa gari, usimuulize dereva wa jirani ambaye "amevuta tani mbili na haikutokea kitu".

Tela la Uingereza la ekseli mbili, lenye paa, ni zito zaidi likiwa tupu, linaweza kupita kilo 600. Mbuzi 12 wanalifikisha kama tani moja. Kwa uzito huo breki si anasa. Matela mengi ya huko yana breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linaisukuma shingo yake (chuma cha mbele kinachoungana na gari), shingo inarudi ndani kidogo, inavuta chuma kirefu kilicho chini, na chuma hicho, kupitia nyaya, kinabana viatu vya breki ndani ya ngoma za magurudumu. Hakuna mafuta ya breki wala waya wa umeme, na fundi yeyote wa breki za ngoma ataielewa akiiangalia kwa dakika tano. Udhaifu wake ni kukaa bila kutumika. Barabara za Uingereza humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hupenda sana nyaya za breki na ngoma. Fremu inaweza kuwa imepakwa zinki na iko safi kabisa, huku waya wa breki umegandia ndani ya mpira wake miaka mitatu iliyopita.

Nikae kidogo kwenye sakafu, maana hapa mimi mwenyewe nilishaumia.

Tela langu la kwanza nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilikuwa limetoka nje, juu ya sakafu limetandikwa bati la alumini lenye michirizi, linang'aa. Nililigonga kwa kisigino, likaitika vizuri, nikalipa. Mwezi wa pili nikapakia mtamba ranchi, nikashuka naye kuelekea Chalinze. Tukiwa kwenye foleni ya magari, mwendo wa mtu kutembea, nikasikia mgongo wa tela unagonga: du, du, kimya, du. Nikashuka. Kwato ya nyuma ya kulia ilikuwa inaning'inia chini ya tela, juu ya lami kama shubiri moja. Bati lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, na chini yake palipotakiwa kuwa na plaiwudi palikuwa na kitu kama ugali wa jana. Mkojo ulikuwa unapita pembeni mwa bati kwa miaka, plaiwudi ikaunyonya, ikaoza gizani, na alumini juu ikabaki inacheka. Tungekuwa kwenye mwendo wa 80 huyo mtamba angebaki na miguu mitatu. Tulimtoa kwa kukata bati kwa msumeno wa chuma tulioazima gereji, akatoka na mchubuko. Muuzaji hakupokea simu tena.

Kwa hiyo sakafu ya tela la Uingereza ukague kutokea chini. Lala chali, washa tochi, na uchome kwa bisibisi kila sehemu ya ubao, hasa pembe za nyuma, kando ya kuta na jirani na mlango. Bisibisi ikizama kama kwenye sabuni, sakafu imekwisha. Sakafu peke yake inabadilika: mbao ngumu za mninga au mkongo zilizopakwa oili chafu zitakaa miaka, na mimi nazipenda kuliko plaiwudi. Lakini vyuma vya kukatiza vinavyoshika sakafu vikiwa vimeliwa, hapo unanunua kazi kubwa ya kuchomelea, na hapo ndipo nasema mwachie mwenyewe.

Tela la fundi lina ugonjwa mwingine. Atataka kutandika bati la chuma tupu, kwa sababu ndilo analo. Bati likiloa mkojo linakuwa kama maganda ya ndizi. Mwambie achomelee nondo nyembamba kukatiza kila baada ya shubiri, au utandike mpira mzito, na siku ya safari umwage mchanga au maranda. Matundu ya kutolea maji yasizidi upana wa kidole, la sivyo kwato ya mbuzi mdogo itanasa.

Ekseli na magurudumu. Mafundi wetu wengi huchukua ekseli ya nyuma ya gari lililochakaa, difu ikiwa humohumo, na siwalaumu: ni imara, beringi zake zipo kila duka, na ukichagua yenye nati sita zinazolingana na Hilux yako, tairi moja la akiba linahudumia gari na tela. Hiyo ni faida kubwa ambayo tela la Uingereza halina. Lile litakuja na ringi ndogo za 12 au 13, na saizi ya tairi ambayo Mlandizi huipati. Utaifuata Kariakoo, na kwenye shimo ringi ndogo huzama pale ambapo ringi ya Hilux ingepita. Nunua tairi la akiba siku hiyohiyo unayonunua tela. Angalia pia namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2317, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi za tela huzeeka kwa kusimama juani kabla meno hayajaisha, kwa hiyo meno mazuri yasikupumbaze. Tazama nyufa ubavuni.

Ekseli mbili zina utulivu barabarani, na tairi moja likipasuka hubaki tatu. Shida yake ni uwanjani: kukata kona kali tairi hukwaruza, na huwezi kuligeuza kwa mikono peke yako kama la ekseli moja. Kwa safari yako ya barabara kuu, bado naipigia kura ekseli mbili.

Kuna kosa la tela la kuchomelea ambalo halionekani kwa macho: mahali ekseli ilipowekwa. Ikiwa katikati kabisa, au mbele ya katikati, mbuzi wakirudi nyuma tela linanyanyua shingo yake, na kuanzia mwendo wa 70 linaanza kuchapa mkia kulia na kushoto kama samaki. Ukilipata hilo, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani ukiwa umenyooka mpaka litulie. Shingo ya tela lililopakiwa inatakiwa kulalia gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au pungufu kidogo. Kupima ni rahisi: weka mizani ya kupimia watu chini ya shingo, kwenye kimo kilekile cha kuvutia, tela likiwa na mzigo. Tela la kilo 900 likisoma kati ya 60 na 90 nimeridhika. Likisoma 20, mrudishie fundi asogeze ekseli nyuma.

Kichwa cha kuvutia, yaani tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha tela hukaa juu yake, nacho ukipime, usikadirie. Matela ya Uingereza hutumia kichwa cha milimita 50. Vipo vichwa vya inchi moja na saba ya nane, ambavyo ni karibu milimita 47.6, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Kikombe cha 50 juu ya kichwa cha 47.6 kitajifunga vizuri tu nyumbani, kisha kitaruka kwenye tuta la kwanza lenye hasira. Beba kipimo cha fundi, pima. Mnyororo wa usalama uwepo, ukatize chini ya shingo, na kwenye tela lenye breki uwepo ule waya mwembamba unaovuta breki tela likichomoka.

Ndani ya tela, lango la kati ni la lazima. Bila lango, mbuzi 12 ni kundi moja linalosukumana. Kwa lango ni makundi mawili ya sita, na hakuna wa chini anayebeba uzito wa wote. Mtamba akiwa peke yake humkata nafasi ya kugeuka. Matela mengi ya Uingereza yanalo, ila mara nyingi wauzaji wa huku hulichomoa na kuliuza mbali, kwa hiyo uliza liko wapi. Hewa iingie juu pande zote mbili, na ukuta wa mbele uwe umeziba ili vumbi na upepo visiwapige machoni. Jambo ambalo halisemwi sana: bomba la moshi la Hilux hutoka nyuma, moja kwa moja kwenye pua za mbuzi wako. Fundi wa ekzosi atalikunja litokee ubavuni kwa muda wa chai moja.

Mlango wa nyuma uteremke uwe ngazi ya kupandia. Majukwaa ya kupakilia minadani yamejengwa kwa kimo cha Fuso, hayatakufaa, hivyo ngazi yako ndiyo utakayoitegemea. Sakafu ikiwa sentimeta 50 kutoka chini na ngazi ina mita moja na nusu, mteremko unakaribia nyuzi 20, ambao hata ndama anapanda. Fupisha ngazi, utaanza kuvuta masikio na mikia. Kama kuna kamlango ka mbele ubavuni, kafungue wakati wa kupakia: ng'ombe haingii kwenye giza, lakini akiona mwanga upande wa pili ataufuata. Hapo tela la Uingereza lina bahati kwetu, wao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo kamlango hako kwa kawaida kako upande wa majani. Yaliyotoka Ulaya bara hukuweka katikati ya lami.

Karatasi. Tela husajiliwa TRA, lina kadi na namba yake, na bima ulikatie. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na kadi, na kadi ilingane na anayekuuzia. Kama lilikuja kupitia bandarini na muuzaji anasema "usajili utamalizia wewe", omba nyaraka za forodha kwanza, ndipo mzungumze bei. Mifugo yenyewe itembee na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo wa unakonunua, pamoja na stakabadhi ya mnada, vizuizini wanauliza. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ni ya 2003, ya Ustawi wa Wanyama ni ya 2008, na ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya 2010, kwa hiyo askari akikuambia ni mambo mapya, si mapya. Na kila ukirudi, ondoa kinyesi chote kwanza, osha kwa sabuni, ndipo upulize dawa. Dawa iliyomwagwa juu ya kinyesi haiui kitu, na sotoka ya mbuzi utaileta bandani mwako kwa tela lako mwenyewe.

Siku ya kukagua, nyanyua kila gurudumu kwa jeki, lizungushe kwa mkono huku umeshika springi kwa mkono wa pili: beringi mbovu utaisikia ikisaga kwenye vidole. Litikise juu na chini. Kisha funga tela kwenye Hilux, unganisha taa, mtu asimame nyuma aone breki, indiketa zote mbili na taa ya namba. Endesha kama kilomita 15, ukishika breki za kawaida njiani, rudi, na uguse kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu sawa kwa vyote ni sawa. Kimoja kikiwa cha moto kukushinda kushika, beringi au breki yake imebana. Kimoja kikiwa baridi kabisa wakati vingine vina joto, breki yake haifanyi kazi. Muuzaji asiyekubali mzunguko huo wa kilomita 15, mpe mkono, muagane.

Nenda asubuhi, na nguo usiyoijali, tochi, bisibisi, jeki na mizani. Na mpigie simu muuzaji usiku wa kuamkia siku hiyo umwambie asilioshe tela. Akiliosha unakuta kila kitu kimeloa, na plaiwudi iliyoloa na iliyooza zina rangi moja.